Neno la Siri la Upande wa Mbele

Watu wa mtaa walimpa jina la Mwambie, akalizoea mpaka akawa anaitika. Hakulichagua. Lilitokana na nyumba yao, nyumba moja iliyokatwa katikati: upande wa mbele alikaa mama yake, upande wa nyuma alikaa Mama Mkubwa, dada wa mama yake, na mlango uliokuwa ukiziunganisha pande hizo ulizibwa kwa kabati la nguo huku na kabati la nguo kule. Ndugu hao walikuwa hawasemezani tangu walipompoteza mama yao, miaka mingi sasa. Lakini mtu asidhani kulikuwa kimya. Walikuwa na mengi ya kuambizana, tena kila siku, na yote yalianza kwa neno lilelile.

"Mwambie huyo wa nyuma bomba lake linavuja, maji yanakuja kwangu."

"Mwambie huyo wa mbele redio si ya mtaa mzima."

Basi binti alitoka kwa mlango wa mbele, akazunguka uani, akainama chini ya kamba ya nguo, akaingia kwa mlango wa nyuma, akasema alichotumwa, akapewa jibu, akarudi njia ileile. Njiani aliyapunguza maneno makali. "Mwambie azime takataka yake" lilifika likiwa "Mama Mkubwa anaomba upunguze sauti kidogo." Wenyewe walijua kwamba anayapunguza, kwa hiyo waliyazidisha kabla ya kumpa.

Angekuwa na kazi nyepesi labda angevumilia. Lakini Mwambie alikuwa mwoka mikate. Aliingia kiwandani kabla jua halijachomoza, akasimama mbele ya tanuri mpaka miguu ikajaa, akatoka na unga kwenye nyusi na hamu ya kitu kimoja tu duniani, yaani kulala. Na kulala ndiko alikokukosa. Tangu moyo wa Mama Mkubwa uanze kusumbua, ukipiga mbio bila sababu kisha unasitasita, hospitali ilitaka apimwe usiku na mchana. Binti alihamishia godoro lake miguuni pa kitanda cha mgonjwa huyo, akawa anaamka kumfunga mkanda wa presha mkononi, anampigia nesi simu kumsomea namba, anajilaza, anaamka tena. Juzi alisinzia amesimama kazini, akashtuliwa na harufu ya nywele zake mwenyewe zikiungua. Msimamizi alimtazama bila kusema kitu, na kule kutosema ndiko kulikomtisha.

Ndipo hospitali ilipompa kisanduku. Kilikuwa kidogo, cheupe, na nyaya zake za kubandika kifuani. Mgonjwa anakivaa, nacho kinasoma mapigo na kuyatuma chenyewe hospitalini kupitia mtandao. Mambo yakienda vibaya, nesi anaona palepale kwenye kioo chake na kupiga simu. Hakuna haja ya mtu kukesha. Mwambie aliposikia maneno hayo alitaka kumkumbatia nesi. Kulikuwa na sharti moja tu. Visanduku ni vichache, wagonjwa ni wengi, na kama mpaka Jumatatu hiki kitakuwa hakijaanza kutuma, kitachukuliwa apewe mwingine.

Ilikuwa Jumamosi mchana, na kisanduku kilikuwa bado kinawaka taa nyekundu.

"Tatizo ni hili, dada," alisema fundi wa mtandao, akiwa amepiga magoti nyuma ya meza ya Mama Mkubwa, vumbi limemjaa kwenye nywele. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye kupumua kwa kelele. "Hiki kisanduku ni cha kizamani. Waifai hakiijui kabisa. Kina tundu la waya tu. Na ruta iko upande wa mama yako."

"Tuvute waya basi."

"Nilishamwomba. Unajua alivyonijibu?"

Mwambie alijua, kwa kuwa yeye ndiye aliyepeleka ombi na kuleta jibu. Waya hautoboi ukuta wangu, hautoki dirishani kwangu, na haupiti chini ya mlango wangu kama nyoka. Mwambie.

"Ndiyo maana nimekuja na hiki." Fundi akatoa mfukoni kidude kisichozidi pakiti ya kiberiti kubwa. "Sisi tunakiita kidaraja. Kinaidaka waifai hewani, kinaitoa huku kwa waya. Waya mmoja tunauchomeka kwenye kisanduku, mwingine kwenye kompyuta ya mama hapa, maana nayo ni ya waya. Hakuna kutoboa, hakuna nyoka. Kinachotakiwa ni kukiambia kidaraja jina la mtandao na neno la siri. Mara moja tu. Kikishajua, kimejua."

"Neno la siri ni lipi?" Mama Mkubwa aliuliza kutoka kitini. Alikaa wima, shuka magotini, nyaya zikitoka kwenye ukosi wa gauni. Alikuwa mpiga chapa wa ofisi kubwa enzi zake, na hata ugonjwani alikaa kama mtu anayesubiri kusomewa barua ya mkurugenzi.

Fundi akamtazama Mwambie. Mwambie akatazama sakafu.

Hakulijua. Hakuna aliyelijua. Mama yake alipofungiwa ruta aliweka neno mwenyewe, na tangu hapo mtu akitaka kuunganishwa alimpa simu, naye akageuka, akampa kisogo, akaandika polepole, akairudisha. Simu ya Mwambie ilikuwa hivyo pia. Ilikumbuka neno bila kumwonyesha. Alikuwa hajawahi kujiuliza kwa nini, kwa sababu mtu aliyechoka hajiulizi mambo yanayofanya kazi.

Akatoka, akazunguka uani, akainama chini ya kamba.

Mama yake alikuwa akichambua mboga mezani. Aliposikia kinachotakiwa, mikono ilisimama.

"Neno la siri ni la siri."

"Mama, ni la fundi tu. Anaandika, anasahau."

"Mafundi hawasahau."

"Basi libadilishe. Weka jingine, unipe hilo jipya."

"Kisha nianze kuandika upya kwenye simu ya kila mtu na televisheni na sijui nini? Mwambie huyo fundi aniletee hicho kidude, nitaandika mwenyewe."

Akarudi. Fundi akatikisa kichwa. Kidude hakina kioo wala vitufe. Lazima kichomekwe kwenye kompyuta ndipo ukurasa wake ufunguke. Laptopu yake iliharibika, iko kwa fundi mwenzake. Na kompyuta iliyopo ni hii ya Mama Mkubwa, yenye kioo kizito kinachohitaji wanaume wawili. "Sisi wanaume hapa tuko mmoja," alisema, akajicheka peke yake.

Mwambie akazunguka tena. Safari hii alisahau kuinama, kamba ya nguo ikamkata paji la uso, na shuka lililolowa likamfunika kichwa. Alisimama hapohapo ndani ya shuka. Mle ndani palikuwa na ubaridi, palikuwa na mwanga mweupe, na hapakuwa na mtu. Aliwaza kwamba kama angeruhusiwa kukaa humo hata kidogo tu, asimpelekee mtu neno lolote, angekuwa ameridhika na maisha. Kisha akajitoa, akaenda kwa mama yake, akasema bila kupunguza chochote, maana hakuwa na nguvu za kupunguza:

"Mama, mimi nimechoka. Nimechoka mpaka naungua kazini. Kisanduku kisipowashwa kitachukuliwa, nami nitaendelea kulala pale chini kama mbwa wa mlangoni mpaka mmoja wetu afe, na mimi naona nitatangulia mimi. Unipe neno, au uende ukaliandike mwenyewe. Kule."

Mama yake alimtazama usoni, kwenye mstari mwekundu wa kamba. Akapangusa mikono kwa kanga yake.

"Watageuka ukutani wote," alisema. "Wote. Na yeye."

Hivyo ndivyo mama alivyovuka uani. Alisimama kwanza kwenye kizingiti cha nyuma, kama mtu anayepima maji kwa kidole cha mguu, akaingia. Hakusalimia. Mama Mkubwa naye akajitia hamnazo, akawa anakunja na kukunjua ncha ya shuka. Lakini Mwambie, aliyewajua wote wawili hadi kupumua kwao, aliona mama yake akikitazama chumba kwa wizi: zile dawa zilizopangwa dirishani, lile godoro lililokunjwa, na kifua cha dada yake kilivyokuwa kimebaki mifupa. Nyaya zilikuwa kama zimeshikilia gauni lisianguke.

"Geukeni," alisema.

Fundi akageuka akatazama ukuta, mikono nyuma, kama mtoto wa shule aliyefanya kosa. Mwambie akageukia kitanda. Mama Mkubwa hakuweza kugeuka na kiti, kwa hiyo aligeuza shingo tu, akatazama dirisha.

Kukawa na sauti ya vitufe. Tak. Kimya kirefu. Tak. Mama aliandika kwa kidole kimoja, na kila herufi aliitafuta kama sindano iliyodondoka.

"Mwambie mama yako hagongi msumari," alisema Mama Mkubwa, macho dirishani. "Abonyeze tu."

"Mwambie mama yako mkubwa kila mtu na mkono wake."

Mwambie hakumwambia mtu yeyote. Alikuwa amefumba macho, na usingizi ulikuwa umeshaanza kumvuta.

Tak. Tak. Kisha kitufe kikubwa cha mwisho, na kompyuta ikatoa mlio wa kukataa.

"Imesema nini?" aliuliza fundi, uso ukutani.

"Imesema neno si sahihi. Ni lilelile! Ninaliandika kila siku!"

"Labda mama umekosea herufi. Niruhusu nitazame."

"Usigeuke!"

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo katika nyumba nyingine lisingekuwa jambo. Mama alizoea simu, na kwenye simu neno la siri likiandikwa linajificha kuwa vinukta. Aliamini kila kitu duniani kinafanya hivyo. Hakujua kwamba kidude hiki cha bei poa hakikuwa na adabu hiyo: kilichoandikwa kilikaa wazi kwenye ukurasa. Na hakujua kwamba Mama Mkubwa, macho yalipoanza kufifia, aliongeza ukubwa wa maandishi ya kompyuta yake mpaka kila herufi ikawa sawa na kidole gumba. Mama yake Mwambie alikuwa amekodolea vitufe, akitafuta kosa kwenye vidole vyake. Mbele yake, kwenye kioo, neno lake lilikuwa limesimama wazi.

Mama Mkubwa alikuwa ameshageuza shingo. Mpiga chapa hawezi kusikia kosa asilitazame.

"Umeruka i," alisema. "Baada ya z."

Mwambie akafumbua macho. Fundi akageuka bila ruhusa.

Kwenye kioo paliandikwa: hukujakuzka.

Mama alinyoosha kidole, akaitafuta i, akaichomeka mahali pake, akabonyeza. Kidaraja kikapepesa, kikatulia. Kwenye kisanduku cheupe taa nyekundu ikazima, ikawaka ya kijani.

"Imeshika," alisema fundi kwa sauti ya chini, na kwa mara ya kwanza mchana huo hakuongeza mzaha.

"Hukuja kuzika," alisoma Mama Mkubwa. "Ndilo neno. Kila aliyeingia nyumba hii na simu yake, ndilo umemwandikia."

"Huwa vinakuwa vinukta," alisema mama. "Kwenye simu vinakuwa vinukta."

"Nilikuja."

"Ulikuja watu wameshatawanyika."

"Nilikuja! Gari liliharibika njiani, tukalala stendi, nimekaa juu ya begi langu mpaka kunapambazuka. Nimefika nimevimba miguu, nakukuta umesimama mlangoni. Unakumbuka ulivyonipokea? Wewe, mdogo wangu niliyekubeba mgongoni? Ulisema, karibu, umekuja kuhesabu vyumba."

"Nilikuwa na hasira."

"Na mimi nilikuwa sijamwona mama yangu!"

Mama alishika kona ya meza. Alipozungumza, sauti ilitoka nyembamba, sauti ambayo Mwambie hakuwahi kuisikia tangu azaliwe.

"Nilikusubiri. Asubuhi watu walitaka kuanza, nikasema bado, dada yangu yuko njiani. Mchana wakataka, nikasema bado. Wakawa wananitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Jua lilipoinama, wakaniuliza, je, tufukie? Wakaniuliza mimi. Mimi ambaye hata rangi ya pazia nilikuwa nakuuliza wewe. Nikasema haya, fukieni. Peke yangu, dada. Nilisema peke yangu."

Mama Mkubwa akaiachia ncha ya shuka.

"Hukuniambia," alisema.

"Ningekuambiaje?"

Wote wawili, kwa mazoea tu, wakamgeukia binti.

Mwambie alisimama katikati yao na unga wake kwenye nyusi. Miaka yote hiyo walimpa bomba, wakampa redio, wakampa majani ya uani na takataka na nani kafunga geti. Aliyabeba yote. Lile moja lililokuwa na uzito hawakumpa abebe, na sasa aliposikia lilivyo alihisi uchungu, alihisi pia hasira, hasira kubwa ya mtu aliyetumwa sokoni maisha yake yote na kapu tupu.

"Msinitazame mimi," alisema. "Mimi natoka."

Akatoka. Fundi akakusanya nyaya zake haraka haraka, akasahau bisibisi mezani, akamfuata. Akaaga kwa kunong'ona, akaondoka akipumua kwa kelele.

Binti akakaa kizingitini. Nyuma yake sauti zilipanda. Mama alisema jambo juu ya simu ambayo haikupigwa, Mama Mkubwa akamkatiza, mama akamwambia usinikatize, nimekatizwa tangu utotoni, Mama Mkubwa akasema hata sasa unasema uongo na mimi mgonjwa. Kitu kilianguka. Mtu alilia, kisha wote wawili walilia, kisha wakarudia kugombana palepale walipoachia. Majirani wawili walichungulia juu ya ukuta wakashikwa na butwaa.

Simu yake ikaita. Alikuwa nesi.

"Hongera, tumeanza kupokea," nesi alisema. "Tunamwona vizuri. Lakini mapigo yako juu, dada. Yamepanda ghafla sasa hivi. Anafanya nini, amenyanyua kitu kizito?"

"Hapana. Anaongea."

"Na nani?"

"Na mdogo wake."

Nesi alisikiliza kidogo. Bila shaka zile sauti zilimfikia mpaka huko. "Hao wanagombana," alisema. "Mgonjwa wa moyo hatakiwi kugombana. Ingia uwatenganishe."

Mwambie alitazama ndani. Mama yake alikuwa amepiga magoti mbele ya kile kiti, anaongea huku amekaza mikono yote miwili kwenye shuka la dada yake, na dada yake amemshika ukosi, anamtikisa na kulia, na haikujulikana kama anataka kumpiga au kumvuta kifuani. Kwenye kisanduku taa ya kijani ilikuwa ikipepesa haraka haraka.

"Dada, unanisikia?" nesi aliita. "Nimesema uwatenganishe."

"Nimesikia," alisema Mwambie, na machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka shingoni, ya furaha au ya usingizi, hata mwenyewe hakujua. "Yakipanda zaidi ya hapo, nipigie. Lakini sasa hivi, nesi, tafadhali, waache."